Ndama Aliyekubali Kila Kitu

Ipo nchi moja isiyomo katika ramani yoyote, na wenyeji wake husema ni heri, kwa kuwa wote waliowahi kuitafuta kwenye ramani walikuwa wanakuja na majeshi. Zamani ilikuwa nusu ya kaskazini ya ufalme mmoja mkubwa. Kisha wazee wa kaskazini walikwenda kumwomba mfalme awapunguzie kazi ya kubeba mawe ya majumba yake, naye akawahutubia mchana kutwa juu ya faida za mzigo kwa uti wa mgongo. Wazee walisikiliza kwa adabu, wakapiga makofi, wakarudi kwao, wakajitenga.

Uhuru ulikuwa mtamu, ila hekalu lilibaki kusini. Kila sikukuu watu walifunga vifurushi wakavuka mpaka kwenda kusali, na mtu akivuka mpaka kwenda kusali huwa anaona pia bei ya unga ya huko. Mfalme wa kwanza wa kaskazini, aliyeyahurumia sana magoti ya raia wake, aliona safari hizo zinawachosha bure. Akaagiza ndama wa dhahabu asimamishwe katikati ya mji mkuu, akatangaza kwamba tangu siku hiyo Mungu amehamia karibu.

Fundi wa ndama alikuwa hodari. Alimwuliza mfalme shingo iende upande gani. Kuinama na kuinuka, yaani kukubali, kulihitaji kamba moja na mtu mmoja wa kuivuta akiwa tumboni. Kwenda kushoto na kulia, yaani kukataa, kungehitaji kamba ya pili. Mfalme alifikiri kidogo, akasema haoni kwa nini taifa changa libebeshwe gharama ya kamba ya pili. Wataalamu wakasifu ubanaji huo wa matumizi. Hivyo ndivyo nchi ilivyopata mungu anayeweza kukubali tu, na kwa vizazi kadhaa hakuna aliyeona kwamba kuna kilichopungua. Dhahabu yenyewe ilitosha uso, kifua na ubavu unaoelekea watu. Nyuma palikuwa pa mti wa mkuyu, pakisuguliwa manjano kila sikukuu.

Tumboni mwa mungu huyo alikaa Azuba binti Pereshi, msichana mwenye haya kiasi kwamba aliweza kuona aibu hata akiwa peke yake gizani. Kazi aliirithi kwa baba yake magoti ya mzee yalipokataa kukunjika. Sheria ilikuwa wazi: hakuna mtu tumboni mwa ndama, na anayesema yupo amekufuru. Mji mzima uliifahamu sheria hiyo, na mji mzima ulimfahamu Azuba. Jirani yake, Mama Hogla, alikuwa akimsalimu kila alfajiri alipomwona akipita na ufunguo wa mlango wa mgongoni mwa ndama mkononi.

"Unakwenda wapi mapema hivi, mwanangu?"

"Siendi popote, mama."

"Haya, ukifika huko msalimie. Mwambie kuku wangu wanakufa."

Mtu wa kamba alikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Kabla ya kuingia alitia pamba masikioni, akazishindilia kwa kidole mpaka dunia ikanyamaza. Mfalme alisimama mbele ya ndama na kuuliza swali lake, baragumu ikapigwa, na mtu wa kamba akauhisi mtetemo wake katika mbao chini ya nyayo, akavuta. Hakujua kilichoulizwa. Wizara ya Unabii ilieleza kwamba pamba ziliwekwa ili mungu asije akawa na maoni.

Kwa njia hiyo Pereshi alihudumia wafalme wengi kwa kamba moja. Katika nchi hii wafalme hawakudumu. Jemadari mmoja alimwua mfalme kabla ya chakula cha mchana, na baada ya chakula akaja kwa ndama kuuliza kama yeye ndiye mfalme halali. Ndama akakubali. Mwaka uliofuata mwingine akamwua huyo, akauliza lilelile. Ndama akakubali. Watu walitulizwa moyo na uthabiti wa mungu wao.

Azuba naye angeendelea hivyo mpaka magoti yake yakatae, lakini masika ya mwaka ule, masika yasiyo na mvua, sikio lake la kushoto lilifanya jipu. Pamba ikawa haiingii.

*

Mfalme wa wakati huo alikuwa Asareli, mtu mnene, mwoga wa radi, aliyechukizwa na ukame kwa sababu ulionekana kama dalili ya dharau. Aliwaita manabii wa serikali, mia nne kwa jumla, wenye kanzu za rangi moja na posho ya unga. Wote mia nne walitabiri mvua. Mmoja alikuja na mwavuli wa majani ya mtende, akapandishwa cheo palepale.

Kisha aliletwa nabii mwingine ambaye hakuwa na kanzu wala posho. Aliitwa Semakia, mkata kuni wa milimani, mwenye sauti kama mtu anayegombana na mbuzi. Azuba alimfahamu. Akipita mjini Semakia aligonga mlango wao kuomba maji, akayanywa kwa kelele, akamwambia Pereshi kuwa huyo ndama wao ni gogo lenye kiburi na kwamba siku moja atalipasua yeye mwenyewe kwa shoka. Pereshi alikuwa akimjibu kwamba ni sawa, ila aanzie upande wa nyuma, mbao zake ni laini. Walicheka wote wawili. Azuba alimwongezea maji, na zeituni kama zipo.

Sasa, kwa sikio lake lisilo na pamba, alimsikia akisema mbele ya baraza kwamba mvua haitanyesha, kwamba damu ya watu waliozibwa midomo imekauka kabla ya ardhi kukauka, na kwamba mungu anayejua kukubali tu si mungu bali ni mtumwa wa mtu mwenye baragumu. Waziri wa Unabii, mheshimiwa Resefu, alikohoa kwa niaba ya serikali.

Mfalme Asareli hakukasirika, maana hakuwa na haja. Aligeuka kwa ndama na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayeagiza maji ya kunawa, kama Semakia auawe.

Baragumu ililia.

Azuba alikuwa ameishika kamba. Mikono yake ilikuwa imeizoea kazi kuliko yeye mwenyewe, ikaanza kujikaza bila kumngoja. Akilini aliliona koo la Semakia likishuka na kupanda, kama siku zile alipokuwa akinywa maji mlangoni kwao. Akailegeza kamba.

Ndama hakuinama.

Baragumu ililia tena, kwa unyenyekevu zaidi. Akawasikia nzi wa nje. Hakuwa amekata shauri lolote. Alikuwa anatetemeka tu, na mtu anayetetemeka hawezi kuvuta kamba vizuri. Lakini nje walikuwa wanamtazama mungu wao, na mungu alikuwa amesimama wima, uso mkavu, kama mtu aliyeulizwa swali la utovu wa adabu.

*

Serikali ilikuwa na utaratibu kwa kila jambo isipokuwa hili. Resefu alijua vizuri kwamba aliyekataa ni msichana mwenye jipu sikioni. Lakini kumkamata kungemaanisha kwamba alikuwamo, na aliyekuwamo hayumo. Hata kumbadilisha hakukuwezekana, kwa kuwa kumwachisha kazi mtu ambaye hayupo kulihitaji amri ambayo hakuna ambaye angethubutu kuitamka. Hivyo Resefu alipanda jukwaani, akawatangazia watu kwamba mungu ana maumivu ya shingo yaliyosababishwa na ukame.

Nchi ikaingia kazini. Waliitwa wachuaji. Waliitwa wauza mafuta ya nyonyo. Mchuaji mmoja alisema ameuhisi mshipa ukicheza, akapewa ng'ombe. Manabii mia nne walitabiri shingo itapona, na yule wa mwavuli akaja safari hii na shingo yake mwenyewe imefungwa kitambaa, kwa mshikamano. Semakia alitiwa katika kisima kikavu kungoja mungu apate nafuu.

Jioni ile Pereshi alikuwa ameketi ukumbini akichagua mawe katika dengu, macho yake mabovu yakiwa karibu na ungo. Pamba zilikuwamo masikioni. Alistaafu kazi, lakini pamba hakuziacha, na ukitaka kuzungumza naye ilibidi ukae karibu.

"Kamba imekatika, mwanangu?"

"Haijakatika, baba."

"Basi mkono unauma."

"Mkono hauumi."

Mzee alitoa jiwe dogo, akaliweka kando. Akamweleza kwamba Waziri Resefu alikuja akaketi palepale alipoketi yeye Azuba, akasifia dengu, akasema kwa upole kwamba mtu ambaye hayupo ana ubaya mmoja: akitoweka hakuna wa kumtafuta. Alisema baraza litakaa tena mara shingo ikipona, na kwamba ana matumaini shingo itapona, kwa ajili ya nyumba hii.

Azuba aliitazama mikono ya baba yake, yenye sugu za kamba ambazo hazikutoka.

"Baba, wewe hukuwahi kusikia walichokuwa wanauliza?"

Pereshi alichagua mawe mawili mengine kabla ya kujibu.

"Pamba si ukuta, Azuba."

"Ulisikia?"

"Kila jina. Nikarudi nyumbani nakukuta mlangoni unaningoja, umeshika kibuyu cha maji. Nikasema moyoni, huyu ndiye ninayemjua. Wale ni majina tu." Aliuinamisha ungo upande wenye mwanga, ingawa mawe yalikuwa yamekwisha. "Ukivuta, atakufa mtu aliyekunywa maji yetu. Usipovuta, nitabaki bila wewe, au hatutabaki wote. Mimi siwezi kukuambia uvute. Lakini usiniambie pia nikuambie usivute. Sina nguvu hiyo."

Aliondoka akaingia ndani, akiugusa ukuta kwa kiganja.

*

Baraza la pili halikukaa, kwa kuwa nchi hii haina subira. Jemadari Yeribai, mkuu wa magari ya vita, alisikia kwamba mungu amemkatalia mfalme, akafikiri juu ya jambo hilo njia nzima kutoka mpakani. Kama mungu hakuinama kwa Asareli, alisema, basi mungu amemwacha Asareli. Farasi walikuwa tayari wamefungwa.

Mapinduzi yalifanyika kwa utulivu uliotokana na mazoezi. Walinzi wa ikulu waliomba tu waruhusiwe kubaki na ngao zao. Washairi wa mfalme walibadilisha jina katika utenzi wa sifa, na kwa kuwa jina la Yeribai lilikuwa geni kwao, wapiga ngoma walijikwaa mara mbili na wakaomba radhi. Asareli alikutwa chini ya kitanda cha mama yake, akiwa na kiatu kimoja.

Semakia alitolewa kisimani. Alimpaka Yeribai mafuta kichwani mbele ya jeshi zima, kwa sharti moja: ndama avunjwe. Yeribai aliapa kwa uhai wake, ambao katika nchi hii ni kiapo cha muda mfupi.

Semakia alipita kwa Pereshi siku hiyohiyo, ana vumbi kisogoni, ana furaha kama bwana harusi. Alikunywa kibuyu kizima. Alimshika Azuba mkono kwa mikono miwili.

"Sijui ni nani aliyezuia ile shingo," alisema, "na sheria inasema hakuna aliyekuwamo. Lakini nikimpata nitambusu miguu. Kesho ndama ni kuni, binti yangu. Utalima vitunguu kama binadamu wengine."

Azuba alicheka mpaka akaona aibu. Usiku ule alilala vizuri, na asubuhi aliutupa ufunguo kwenye jaa la majivu. Alikuwa bado anaukung'uta mkono tarishi wa Waziri alipofika. Mawaziri wa nchi hii hawakuwa wakipinduliwa. Walikuwa wakirithiwa pamoja na viti. Resefu alimwomba, kama angekuwapo, awe mahali ambapo hawi, kabla ya baragumu. Mara ya mwisho, tarishi alisema. Bila ndama kuinama watu watajuaje kwamba Yeribai ni mfalme? Wakishajua, ndama atavunjwa.

Azuba aliuchimbua ufunguo majivuni.

*

Alikaa gizani akinusa mafuta ya nyonyo. Jipu lilikuwa limepona, na pamba alikuwa nazo mkononi, safi, laini. Alizitazama kwa mwanga mdogo unaoingia kwenye tundu la pua ya ndama, kisha akaziweka chini.

Swali la kwanza lilikuwa kama Yeribai ni mfalme. Baragumu ikalia, Azuba akavuta, watu wakashangilia. Hilo halikumsumbua, kuna mambo mabaya zaidi ya mtu kuitwa mfalme.

Kisha akasikia sauti ya mtu anayegombana na mbuzi.

"Ewe," Semakia alianza, akakwama. Hakuweza kumwita gogo, maana mfalme alikuwa anamhitaji, wala hakuweza kumwita mungu. "Ewe uliyesimama hapa. Huyu Asareli, pamoja na mama yake, na watumishi wake, na wapishi walioupika ugali wake, na kila aliyekula mezani kwake. Je, wafe?"

Palitokea mnong'ono. Semakia akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayejieleza kwa jirani, kwamba ni mara hii tu, ili mbegu ya uovu isibaki, na kwamba shoka ameshalinoa.

Azuba aliweka jicho kwenye tundu la pua. Asareli alikuwa amepiga magoti, mguu mmoja ukiwa na kiatu. Mama yake, bibi kizee mdogo kama ndege, alikuwa anamnyoosha kola ya kanzu, kama anayempeleka chuoni. Nyuma yao walisimama wapishi, na mmoja wao alikuwa bado ameshika mwiko.

Baragumu ililia.

Hakuvuta. Lakini safari hii alijua kitakachofuata. Wangesema maumivu ya shingo yamerudi. Wangechua, wangepaka, wangesubiri, na mwishowe yeye angetoweka, akaletwa mtu mwenye masikio yanayoingia pamba. Kutokuvuta kulikuwa kuchelewesha tu. Ndama huyu hakujengwa aweze kukataa. Aliweza kukubali leo au kukubali kesho.

Baragumu ililia mara ya pili. Azuba aliiachia kamba, akafungua mlango wa mgongoni, akatoka.

Alitoka kinyumenyume, kwa kuwa mlango ulikuwa mdogo, na manjano ya ile mbao yakampaka kuanzia nywele hadi visigino. Alipougeukia uwanja, jua la mchana likampiga, akang'aa mwili mzima. Alitaka kusema jambo moja tu.

"Mimi ni Azuba wa Pereshi," alisema. "Mnanifahamu. Nilikuwa mle ndani."

Sauti ilikuwa ndogo, na waliokuwa nyuma hawakuisikia. Waliokuwa mbele waliisikia vizuri sana. Mama Hogla, ambaye asubuhi ile alikuwa amemwazima chumvi, alimtazama, akamtambua, akatupa mikono juu.

"Ndama amezaa," alisema, akaanguka kifudifudi.

Uwanja mzima ukafuata. Hapakuwa na njia nyingine. Sheria ilisema hakuna mtu tumboni mwa ndama. Basi kilichotoka tumboni hakiwezi kuwa mtu. Waziri Resefu alikuwa tayari ameshika ukingo wa jukwaa, akitangaza kwamba mungu, katika enzi ya mfalme mpya, ameongeza familia, na kwamba siku hii itakuwa ya mapumziko kila mwaka. Manabii mia nne wakasema walitabiri.

Ni Semakia peke yake aliyebaki amesimama. Alimtazama Azuba, akaitazama mikono yake, yenye sugu zilezile za baba yake, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyekunywa maji akakuta kitu ndani ya kibuyu.

"Kweli ni wewe," alisema polepole. "Wewe ndiye uliyezuia."

"Ni mimi."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako, mzee. Na leo kwa ajili ya yule mwenye mwiko."

Semakia aliketi chini, palepale mavumbini, akaishika miguu yake mwenyewe.

Lakini serikali ilikuwa haijapata jibu, na serikali haiahirishi. Walimbeba Azuba wakamsimamisha kwenye kiti cha jiwe mbele ya ndama. Mfalme Yeribai alisogea, akalirudia swali lote, wapishi wakiwemo. Mpiga baragumu, ambaye alikuwa akimfahamu tangu utotoni, alimtazama kwa kumwomba msamaha, akapiga.

Azuba aliwaona watu wote waliokuwa wanamtazama, na haya ikampanda mpaka masikioni. Maisha yake yote aliogopa kutazamwa. Akafumba macho.

Akatikisa kichwa. Kushoto, kisha kulia.

Watu hawakuelewa mara moja. Walikuwa hawajawahi kuona mungu akienda upande huo. Mtoto mmoja alimwuliza mamaye ni nini, mama akamwambia anyamaze. Kisha maana ikaanza kutambaa kutoka mstari hadi mstari, na waliokuwa kifudifudi wakainua vichwa kuhakikisha. Yeribai alimgeukia Resefu. Resefu alipekua sheria zote alizozijua kwa moyo, akanong'ona kwamba mungu akikataa, kwa bahati mbaya, amekataa. Bibi kizee akamaliza kuinyoosha kola.

Mwisho kabisa wa uwanja alikuwapo mzee mmoja mwenye macho mabovu, akiegemea ukuta. Aliingiza kidole sikioni, akatoa pamba, akatoa na ya pili, akazishika mkononi kama mtu asiyejua mahali pa kuzitupa. Kisha, taratibu, akajaribu kuigeuza shingo yake. Kushoto. Kulia. Mama Hogla alimwona, akajaribu naye. Halafu mpiga baragumu. Haikuwa rahisi, shingo zilikuwa zimezoea upande mmoja tangu vizazi, na wengine walishikwa na mshipa, wachuaji wakapata kazi ya halali kwa mara ya kwanza.

Alasiri hiyohiyo serikali ilimwita mfua dhahabu. Alikuja na kamba ya kupimia, na maagizo kwamba mungu mchanga avikwe kola ya dhahabu pana, ndefu kuanzia mabegani hadi kidevuni, kwa heshima yake. Alipanda kwenye kiti cha jiwe, akainama mara tatu.

"Tulia kidogo tu, mungu wangu," alimbembeleza, "nipate kipimo."

Azuba alikuwa amechoka, ana kiu, na manjano yalikuwa yanamwasha. Kila kamba ilipomkaribia shingoni, alitikisa kichwa. Mfua dhahabu alijaribu kutoka mbele, akajaribu kutoka nyuma, akaomba benchi. Benchi likaletwa. Mpaka jua linazama alikuwa bado hajapata kipimo, na uwanjani hakuna aliyekuwa ameondoka.